Somo: Sahihisha zoezi la darasa zima kwa simu moja, wanafunzi wakiwa hawana simu

Habari za kazi walimu. Wengi wetu tukisikia vipindi vya kidijitali akili inakimbilia maabara ya kompyuta na kila mtoto na tableti yake, alafu tunaishia kusema hayo ni ya shule za wenye hela. Leo naleta kitu kinachotaka simu moja tu, ya kwako wewe mwalimu, au kile kishikwambi cha Sensa ya 2022 kama ulipewa na hakijageuka cha watoto kuangalizia katuni nyumbani. Wanafunzi wao wanashika makaratasi. Inaitwa Plickers.

Iko hivi, kila mwanafunzi ana kadi yenye mchoro mweusi wa mraba, ukiiona haraka utadhani ni zile QR za kulipia dukani. Kadi ina namba yake, na kila upande una herufi: A, B, C, D. Ukiuliza swali mtoto anaizungusha kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, ananyanyua, wewe unapitisha kamera taratibu kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine na simu inazisoma yenyewe, inajua kadi namba 17 ni ya nani na kajibu nini. Kusahihisha kumeisha hapo. Na herufi ni ndogo, kila kadi mchoro wake tofauti, kwa hiyo wale mabingwa wa kuchungulia kwa jirani hawaambulii kitu.

HATUA YA 1. Fungua akaunti plickers.com, kisha pakua programu yake kwenye simu. Ya bure inatosha, inabana tu idadi ya maswali kwa kila seti, na kwa zoezi la dakika kumi maswali matano ni mengi tayari.

HATUA YA 2. Kadi zipo humo humo kwenye tovuti, ziko seti za 40 na za 63. Peleka steshenari watoe kwenye karatasi ngumu maana za kawaida zinakunjika wiki ya kwanza tu. Usizilaminate kwa plastiki inayong'aa, mwanga wa dirishani ukipiga pale kamera haisomi kitu. Na baada ya kipindi zikusanye zote, zikienda nyumbani ndo basi tena.

HATUA YA 3. Ingiza majina ya darasa. Kama mtaaluma ana orodha kwenye Excel nakili ubandike, usikae unaandika jina moja moja. Hakikisha namba ya kadi inafanana na namba ya mtoto kwenye rejista ya mahudhurio, utanishukuru siku ya kugawa kadi kwa sababu kila mtu anajua yake bila kuuliza.

HATUA YA 4, na hapa naomba mtulie kidogo maana ndo penye kazi yenyewe. Swali la kuchagua likitungwa hovyo hovyo simu itakupa asilimia tu na hutajua ufanye nini nayo. Majibu ya uongo yatoke kwenye makosa ambayo watoto wenyewe huwa wanayafanya. Mfano sehemu, 3/4 + 1/2. Jibu sahihi ni 5/4. Sasa hayo mengine usiweke namba za kubahatisha, weka 4/6, hilo atalichagua anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, weka 3/8, huyo kazidisha, weka 1/4, huyo katoa. Ukiona nusu ya darasa wamenyanyua 4/6 unajua kabisa ugonjwa uko wapi na unarudi ubaoni muda huo huo, sio kuja kugundua wiki mbili mbele kwenye rundo la madaftari saa nne usiku. Kwangu mimi hii ni bora hata kuliko muda unaookoa kwenye kusahihisha.

HATUA YA 5. Darasani. Projekta sio lazima, andika swali ubaoni. Wape muda wafikirie kadi zikiwa chini, alafu toa amri moja, nyanyueni. Wafundishe kushika kadi pembeni, vidole vikifunika mchoro haisomeki. Kwenye simu aliyepata anakuja na kijani aliyekosa nyekundu, na matokeo yanabaki kwenye akaunti.

Sasa tusidanganyane, mwanzoni utatumia muda mwingi kuliko kusahihisha kwa peni. Faida inakuja pale maswali yale yale unayapeleka mkondo B na C, na mwakani unayakuta yapo yanakusubiri. Na kwenye insha haina msaada wowote, insha utasoma mwenyewe.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Chaki Nyeupe: Asante mwalimu. Darasa langu wako 94, kadi zinaishia 63, hao wengine?

Jibu: Dawati moja kadi moja mkuu. Wabishane kwanza wakubaliane jibu ndo wanyanyue, na huo ubishi wenyewe ni ufundishaji. Hasara yake matokeo yanakuwa ya dawati, sio ya mtoto, kwa hiyo usiyatumie kwenye alama za maendeleo.

Madam Bios: Na jaribio la maswali 50 je? Nina mikondo minne mimi, vidole vinakufa ganzi.

Jibu: Madam hapo achana na kadi, tafuta ZipGrade, programu nyingine ya simu. Unatoa fomu ya kusiliba, yaani ya kujaza weusi kwenye kiduara cha herufi ya jibu, zipo za maswali 20, 50 na 100, wanasiliba kama kwenye mtihani wa darasa la saba, unapiga kila karatasi kwa kamera na alama inakuja pale pale. Bure ni karatasi 100 kwa mwezi, zaidi ya hapo unalipia. Inakuonesha pia swali gani limekosewa na wengi na walichagua nini. Ukitoa fotokopi angalia vile viboksi vyeusi vya kwenye kona visikatwe maana ndo kamera inavyoshikia karatasi, vikikatika haisomi hata ufanyeje.

Mwl wa Porini: Huku kwetu mtandao mpaka upande kilimani, inawezekana kweli?

Jibu: Plickers itakusumbua, yenyewe inataka intaneti. ZipGrade inasahihisha bila bando, ukishapakua na ukaweka majibu yako basi, mtandao utautafuta siku ya kutuma tu. Anza na hiyo ndugu yangu.

Dawati la Nyuma: Wathibiti ubora wakija wanataka kuona madaftari yamesahihishwa. Niwaoneshe simu?

Jibu: Hahaha swali la msingi hilo. Daftari lisife. Baada ya kuskani kila mtoto aandike swali alilokosa na jibu sahihi na njia yake kwenye daftari, wewe unapita unaweka vema. Watoto wanaandika masahihisho ya mawili matatu tu badala ya yote, na wewe unapitia haraka. Ripoti ichapishe uiweke kwenye faili la somo, mwambie na mwalimu mkuu mapema kabla hujaanza, asije kukuona umeelekeza simu kwa wanafunzi akafikiri unarekodi.

Chaki Nyeupe: Na kadi ikipotea nanunua seti nyingine?

Jibu: Hapana, faili unalo, toa ukurasa ule ule wenye hiyo namba.