Kuishi na Kufanya Kazi Ndani ya RV Marekani: Anza na Karatasi, Trela Baadaye

Huu ni mwaka wa sita mimi na mke wangu tunaishi ndani ya RV. Kwa msomaji aliye Morogoro au Mombasa, RV ni nyumba iliyojengwa juu ya magurudumu: ina kitanda, jiko, friji, bafu na choo. Nyingine zina injini yake, nyingine huvutwa. Yetu ni trela la futi 32 linalofungwa juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu. Majira ya joto tunatunza kambi milimani, yaani viwanja ambako watu huja kuegesha RV zao, mwezi wa 10 tunakwenda kwenye mavuno kaskazini, baridi ikianza tunashuka kusini.

Ndugu wa Dallas, Columbus na Minneapolis hunipigia simu, na karibu wote huanza na swali moja: "Kaka, ninunue trela gani?" Naomba hilo lisubiri. Nimeona watu wenye trela zuri sana wakirudi mjini baada ya miezi minne, na chanzo kilikuwa makubaliano mabaya ya kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kufanya kazi

Kambi nyingi hazilipi pesa taslimu kwa saa zako zote. Hukupa kiwanja cha kuegesha, umeme, maji na bomba la majitaka badala ya mshahara wa saa kadhaa. Wengi wetu hudhani kwamba pasipo pesa mkononi hapana ajira. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haisemi hivyo: makazi au chakula unachopewa kwa sababu umefanya kazi huhesabiwa kuwa malipo. Mwenye viza ya utalii asikubali mpango huo hata akibembelezwa. Mwenye grini kadi au kibali cha kazi hana shida, ila akumbuke kwamba asiye raia anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kila anapohama anwani.

Hatua ya 2: Tafuta anwani

Huwezi kuwa na leseni, bima wala akaunti ya benki bila jimbo unaloliita kwenu. Wanaoishi barabarani huchagua zaidi Texas, South Dakota au Florida, kwa sababu majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato ya jimbo na yana kampuni zilizozoea kupokea barua zako na kukutumia popote ulipo. Mji mdogo wa Livingston, Texas, ni anwani ya maelfu ya watu wa namna yetu, maana klabu ya Escapees ina makao yake pale na hupokea barua za wanachama.

Usichague jimbo kwa kuangalia kodi peke yake. Angalia bima ya afya kwanza. Mipango mingi ya kununua mwenyewe hukuhudumia ndani ya jimbo lako tu, ukitoka nje ni dharura pekee. Mke wangu ana presha na anahitaji daktari mara kwa mara, kwa hiyo kila mwaka tunapita jimboni kwetu kwa ajili ya kliniki yake, na ratiba nzima tunaipanga kuizunguka safari hiyo. Anayesubiri uraia naye atulie kidogo: ni lazima awe amekaa miezi 3 katika jimbo au wilaya ya uhamiaji anakopelekea maombi. Ongea na wakili kabla hujaachia nyumba.

Kitu kingine kidogo: mwambie wakala wa bima ya trela kwamba unaishi humo mwaka mzima. Bima ya wanaokwenda likizo ni tofauti.

Hatua ya 3: Nunua, lakini ogopa maji

Nunua lililotumika, ila si kuukuu mno, kwa sababu kambi kadhaa za binafsi hazipokei RV iliyozidi miaka 10. Adui wa trela ni maji yanayopenya kwenye maungio ya paa. Nenda ukalikague siku moja au mbili baada ya mvua. Ingia peke yako, funga mlango, vuta pumzi kwa pua. Harufu ya uvundo haifichiki hata wakipulizia manukato. Kisha fungua makabati ya juu ya kitanda na ubonyeze pembe za ukuta kwa dole gumba. Ukuta mzima hugoma. Ukuta uliooza hubonyea kama ndizi iliyoiva. Panda juu ya paa uangalie sili inayozunguka madirisha ya paa. Ikiwa imepasuka, maji yalishaingia.

Kwenye tairi tafuta herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, hata kama kashata zake bado nzito.

Halafu uzito. Niliendesha malori ya semi-trela miaka tisa kabla ya maisha haya, na hapa sina mzaha. Trela la kufunga juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu huweka asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake mgongoni mwa gari. Trela la pauni 12,000 kwa asilimia 20 ni pauni 2,400, kabla hujapanda wewe, mkeo na sanduku la vifaa. Fungua mlango wa dereva wa pikapu usome kibandiko: pikapu nyingi ndogo haziruhusiwi kubeba hata 2,000. Pima kwenye mizani ya CAT Scale iliyopo vituo vya malori. Ni dola chache, na karatasi utakayopewa itakwambia ukweli ambao muuzaji hakuwa na haraka ya kuusema.

Andika pia urefu wa trela kwenda juu na uubandike mbele ya macho ya dereva. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, likachana mapaa ya malori na RV miaka nenda rudi, ikabidi liinuliwe mwaka 2019.

Hatua ya 4: Jifunze choo na umeme kabla hujatoka mjini

Kaa wiki mbili kwenye kambi iliyo karibu na nyumbani, fundi na ndugu wakiwa jirani.

Chini ya sakafu kuna matenki matatu: la maji safi, la kijivu linalopokea maji ya sinki na bafu, na jeusi linalopokea choo. Mpira wa maji ya kunywa ni mweupe au wa buluu, na usiuguse kamwe kwa glovu za majitaka. Kati ya bomba la kambi na mpira wako weka kidhibiti presha, maana kambi nyingine husukuma maji kwa nguvu ya kupasua mabomba ya trela.

Kosa la wageni wote ni kufungua koki ya tenki jeusi na kuiacha wazi kwa kuwa mpira umeshaunganishwa na bomba la kambi. Maji yote hutoka, kinyesi hubaki, hukauka na kujijenga kama kichuguu chini ya choo. Tulifanya hivyo mwezi wetu wa kwanza, na ilituchukua siku nne za maji moto na subira kukiyeyusha. Koki ya tenki jeusi ifungwe. Tumia maji mengi kila unapovuta maji ya choo. Geji ikifika theluthi mbili, vaa glovu, funga mpira wa majitaka ukaze, kisha fungua jeusi kwanza. Utasikia maji yanakwenda kwa kishindo, halafu yanapungua hadi yanachuruzika. Funga. Sasa fungua la kijivu, maji yake ya sabuni yausafishe mpira. Mwisho rudisha lita kumi hivi za maji kwenye tenki jeusi ili lisianze siku likiwa kavu. Kwenye kiungo cha mpira tumia kipande cha plastiki angavu. Unaona kwa macho maji yalivyo, unajua umemaliza.

Umeme ni hesabu. Nguzo ya ampea 30 inakupa wati 3,600, ile ya ampea 50 inakupa 12,000, kwa sababu ina njia mbili za volti 120. Kwenye ampea 30 ukiwasha kiyoyozi, hita ya maji na maikrowevu kwa pamoja, breka itaruka. Kabla hujachomeka chochote zima breka ya nguzo, tumia kinga ya umeme inayokagua nyaya, kisha ndipo uwashe. Kifaa cha kunusa gesi ya kupikia na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, kiwe kinafanya kazi usiku na mchana. Hili nakuomba kama ndugu yako.

Hatua ya 5: Tafuta kazi kwa kufuata majira

Kazi za majira ya joto huanza kutangazwa wakati wa baridi, kwa hiyo ukisubiri mwezi wa 5 utapata mabaki. Hifadhi za taifa na misitu huchukua watu wa kujitolea wa kutunza kambi na kupokea wageni kupitia tovuti ya volunteer.gov, hapo unapewa kiwanja, na ukifikisha saa 250 unapata kadi ya kuingilia hifadhi bure kwa mwaka. Kampuni zinazoendesha hoteli na maduka ndani ya hifadhi hulipa mshahara na kukukata kiasi kwa kiwanja. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, kinachosimamia maziwa mengi ya mabwawa, huingia mikataba na wanandoa kukaa kibanda cha getini. Huko Texas kuna kulinda mageti ya visima vya mafuta: unaandika kila lori linaloingia na kutoka, saa 24, mnapokezana.

Mwezi wa 10 kuna viazisukari. Tarehe 1, katika bonde la Red River mpakani mwa North Dakota na Minnesota, mavuno makubwa huanza, na kazi ni zamu za saa 12, mchana au usiku. Mimi nilikulia Morogoro, sukari kwangu ilikuwa mua wa Kilombero, na sikuwahi kufikiri inatoka kwenye kiazi kizito chenye matope. Malori yanapimwa uzito, yanamwaga kwenye mashine, mkanda unapandisha viazi hadi lundo linakuwa kama kilima kirefu. Wewe uko chini na koleo, unaongoza malori, unakinga sampuli kwenye mfuko ili maabara ipime sukari. Saa tisa usiku, upepo wa tambarare unapita kwenye kola, glovu zimelowa, taa za malori zimejipanga hadi usipoona mwisho wake. Vaa viatu visivyopitisha maji na soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Joto likizidi au baridi kali ikigandisha mazao, uvunaji husimama, kwa sababu kiazi kilichopata moto au kuganda huozea kwenye lundo. Kazi ikisimama, nenda kalale. Usihesabu mshahara wa siku ambazo bado hujazifanya.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya saa yako, kisha udai maandishi

Hapa ndipo ninapotaka usome mara mbili.

Uliza kambi: kiwanja hiki mteja wa kawaida hulipa kiasi gani kwa mwezi? Tuseme dola 600. Wakitaka saa 20 kwa wiki, hizo ni kama saa 87 kwa mwezi, na saa yako ina thamani ya chini kidogo ya dola 7. Wakitaka saa 20 kwako na 20 kwa mkeo kwa kiwanja hichohicho, saa imeshuka chini ya dola 3.50. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, na majimbo mengi yako juu ya hapo. Unaweza kukubali kwa sababu umelipenda ziwa, lakini kubali ukijua.

Mkataba wetu wa kwanza ulikuwa wa mdomo. Tulikubaliana saa 20 kila mmoja. Wiki ya tatu mke wangu alikuwa ofisini saa 32, mimi nasafisha vyoo Jumapili iliyokuwa ya mapumziko. Nilipouliza, niliambiwa, "Hatukusema hivyo." Sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Tulibaki hadi mwisho wa mwezi kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, na usiku ule mke wangu alichukua daftari akaandika maswali ambayo tangu siku hiyo hatukubali kazi bila kujibiwa.

Saa ngapi ni za kiwanja, na zinazozidi zinalipwa kiasi gani? Umeme uko ndani ya makubaliano, au tutaletewa bili? Kiwanja chetu ni cha ampea ngapi, kina bomba la majitaka? Siku gani mbili mfululizo ni za mapumziko? Mmoja akiugua, mwingine anadaiwa saa zake? Tukiachishwa, tuna siku ngapi za kuondoka? Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, maana ukipoteza kazi hii umepoteza na uwanja wa nyumba yako siku hiyohiyo. Majibu yaje kwa barua pepe. Na weka akiba ya kulipia kambi nyingine mwezi mzima, isiguswe kwa jambo jingine.

Hatua ya 7: Miezi isiyo na kazi

Tunakwenda Quartzsite, Arizona, kwenye ardhi ya serikali ya La Posa. Msimu ni kuanzia tarehe 15 mwezi wa 9 hadi tarehe 15 mwezi wa 4, na sisi tulilipa dola 180 kwa msimu wote. Hakuna nguzo ya umeme, kwa hiyo paneli za sola na betri za lithiamu ndizo zinazotulisha. Kwa wanaofanya kazi kwa intaneti, Starlink, intaneti ya setilaiti, hufanya vizuri jangwani pasipo miti. Milimani chini ya misonobari hukatika. Beba na laini ya simu ya mtandao mwingine.

Hatua ya 8: Kuondoka kiwanjani

Zima redio, wageni waage mapema, mtu asikusemeshe. Funga makabati, shusha antena, kunja ngazi, chomoa umeme, fungua mpira wa maji, mwaga matenki. Funga trela kwenye pikapu, kisha livute kidogo vigingi vikiwa bado kwenye tairi. Likishika, ndipo utoe vigingi. Mke wangu anazunguka kwa kulia, mimi kwa kushoto, tunapita tena kila mmoja upande wa mwenzake. Anasimama nyuma, nakanyaga breki, taa zinawaka, ananyanyua mkono.