Kadi si pesa: namna ya kumwandikisha mtoto mwenye ulemavu

Akina mama hapa Likoni, Mombasa, huniuliza, "Mama Athman, zile pesa za watoto wenye ulemavu zinaombwa wapi?" Wanadhani kuna dirisha moja, unapeleka karatasi, unatoka na pesa. Madirisha ni mawili. La kwanza ni la Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo linatoa kadi ya kumtambulisha mtu kuwa ana ulemavu. La pili ni la Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia nyumba zenye uhitaji, linalotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule ambaye lazima awe na wa kumtazama usiku na mchana. Ukiwa na kadi hujapata pesa bado. Lakini anza na kadi, maana ina faida zake nyingine.

Kabla hujaenda popote, tandika karatasi zote kitandani ulinganishe majina. Sisi wa pwani ndipo tunapoumia hapo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athman, kadi ya kliniki Othman, nesi mwingine kaandika Athumani, na kompyuta haijui kuwa huyo ni mtoto mmoja. Kama cheti cha kuzaliwa hakuna kabisa, shughulikia hicho kwanza, Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, pale Posta mjini. Weka pamoja kitambulisho chako, picha za pasipoti za mtoto, na makaratasi yote ya hospitali hata yale yaliyochakaa.

Halafu tathmini, yaani madaktari kumpima mtoto na kuandika ripoti ya ulemavu wake. Hufanywa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Wengi wetu huenda Coast General, pale Makadara. Madaktari wa tathmini huwa na siku zao, kwa hivyo uliza kabla ya kumtoa mtoto nyumbani, hasa wewe unayevuka feri na mtoto mgongoni asubuhi watu wamejaa.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Siku hiyo mtoto anaogeshwa, anavishwa kanzu ya Ijumaa, anapakwa mafuta mpaka anang'aa. Si vibaya. Ubaya unaanza daktari anapouliza, "Anaendeleaje?" na mama anajibu, "Alhamdulillahi, anajitahidi." Ndivyo tulivyolelewa, kutolalamika mbele ya watu. Lakini daktari hapimi subira yako, anajaza fomu, na atakachoandika ni kile ulichomwambia. Mwambie mambo yalivyo: "Hawezi kukaa bila kuegemezwa. Uji namlisha kwa kijiko polepole, nikiharakisha unampalia. Haja hasemi. Usiku naamka kumgeuza." Mwanangu ana mtindio wa ubongo na degedege, na nilikuwa naandika kwenye daftari la shule: leo imemshika saa ngapi, imechukua muda gani, dawa imeisha lini. Daktari alilichukua akalisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na maswali yakapungua. Kama huwezi kuandika, mwambie mtoto wako mkubwa akuandikie.

Usitoke hapo kabla ya kuitazama ripoti. Jina liko sawa? Aina ya ulemavu imeandikwa? Sahihi zimetimia, muhuri umepigwa? Muhuri uliosahauliwa utakurudisha Makadara.

Ripoti ikiwa tayari, usajili wenyewe hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ni bure. Ukienda saiba, unalipia intaneti na kuchapisha tu. Hakikisha nambari ya simu inayojazwa ni yako, si ya kijana wa saiba. Wapo wanaotumia zao ili kumaliza haraka, na ujumbe ukija utamfikia yeye. Ukikwama, mtafute afisa wa Baraza wa kaunti. Na yeyote anayekwambia "nipe kitu kidogo kadi itoke upesi", mwache aende zake.

Sasa dirisha la pili. Nenda kwa chifu au naibu wake, na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, useme wazi kwamba una mtoto mwenye ulemavu mkubwa na unataka aorodheshwe Inua Jamii. Uandikishaji hufanyika serikali inapoufungua, hivyo jina lako na simu yako viwe kwa mzee wa mtaa, akupigie. Ukiitwa mkutano wa mtaa wa kuhakiki majina, uwepo, na majirani wanaokujua wawepo.

Mtoto hupokelewa pesa na mlezi aliyeandikwa, kwa kitambulisho chake. Aandikwe yule anayemlisha kweli. Mama akiwa Saudia kwenye kazi za nyumba na mtoto yuko kwa bibi, aandikwe bibi, hata kama mama atanuna.

Pesa huja kwa kuchelewa, mara nyingi miezi miwili pamoja. Ukweli usemwe: nepi za mtoto mkubwa peke yake zinaimaliza 2,000 kabla mwezi haujafika kati. Wanasiasa wanaozipigia debe kwenye mikutano wangenunua hizo nepi mwezi mmoja tu.

Kwa hivyo itumie kadi. Baraza lina mfuko wa maendeleo unaosaidia vifaa kama viti vya magurudumu, na karo pia. Ukiomba kiti, peleka vipimo vya sasa vya mtoto, maana kiti kipana humlaza upande.

Na kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye ulemavu aliyeajiriwa, mwambie asiache msamaha wa kodi. Shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Anatakiwa awe na kadi kwanza, kisha anaomba cheti cha msamaha kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kupitia tovuti yake ya iTax, akiwa na barua ya mwajiri na hati ya malipo ya mshahara. Cheti kinadumu miaka 5, kisha kinaombwa upya. Aweke tarehe kwenye simu miezi kadhaa kabla, kwa sababu kikiisha makato yanarudi.