Kuhamia databesi ya klaudi bila kukwama kwenye vasheni

Kabla hujagusa kitu, ingia kwenye databesi ya zamani upige SELECT VERSION(). Alafu fanya hivyo hivyo kwenye ile mpya ya klaudi, usiende kwa kukisia manake hiyo namba ndo itaamua kila kitu kinachofuata.

Kanuni ni kupanda tu. Kwa databesi za MySQL, ukitoka 5.7 unaenda 8.0, na kama bado uko 5.6 pitia 5.7 kwanza, usiruke. Ukijaribu kushuka, yaani dampu (faili la kopi ya databesi) ya 8.0 uirestoo kwenye 5.7, utakutana na hii: Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'. Hiyo kolesheni, yaani kanuni za kupanga na kulinganisha maneno, ndo difoti ya 8.0 na 5.7 haiijui kabisa. Wengi wanafungua faili la dampu wanabadilisha iwe utf8mb4_unicode_ci, na kweli inapita, ila mpangilio wa maneno na ulinganishaji wake sio uleule, kwahiyo mimi naona bora ufungue tu seva ya 8.0 huko klaudi yaishe.

Kingine cha klaudi ni kwamba hupewi SUPER, ile ruhusa ya juu kabisa ya MySQL. Viu (kwari zilizohifadhiwa kama tebo) na triga (amri zinazojiendesha data ikibadilika) zenye DEFINER, yaani jina la mmiliki, ya yuza wa zamani zitagoma na kosa namba 1227, kwahiyo ondoa hizo DEFINER kwenye dampu, na kwenye mysqldump, ile amri ya kutoa dampu, weka --set-gtid-purged=OFF ili dampu isibebe amri za GTID (namba za miamala ya seva) ambazo nazo zinataka ruhusa hiyo.

Sasa apu yenyewe, hapa tulia kidogo. Kwenye MySQL Shell, programu ya kuandikia amri za MySQL, kuna util.checkForServerUpgrade(), iendeshe dhidi ya seva ya zamani, itakuonyesha mengi mfano kolamu inayoitwa rank au tebo inayoitwa groups, ambayo kwenye 8.0 ni maneno yaliyohifadhiwa na lazima uyafunge kwa alama za `. Ila haisomi kodi yako. 5.7 ilikuwa inapanga matokeo ya GROUP BY (kukusanya mistari kwa makundi) yenyewe hata bila ORDER BY (amri ya kupanga), 8.0 imeacha, na hapo hutaona kosa lolote, ripoti itatoka vizuri tu ila mistari imevurugika na mteja ndo atagundua. Tafuta kila GROUP BY kwenye kodi uongeze ORDER BY panapohitajika. Na draiva ya zamani (kile kinachounganisha apu na databesi) ikishindwa kulogini mara nyingi ni kwasababu ya caching_sha2_password, njia difoti ya 8.0 ya kuhakiki nywila, apdeti draiva, usikimbilie mysql_native_password, ile njia ya zamani, manake kwenye 9.0 imeshaondolewa.

Wanaotumia Postgres badala ya MySQL, tumia pg_dump (amri yake ya kutoa dampu) ya vasheni mpya, ile ya zamani inakataa seva iliyoizidi. Kuanzia 15 yuza wa kawaida hawezi kutengeneza tebo kwenye skima (kundi la tebo) ya public mpaka umpe ruhusa. Kama unatumia logical replication, yaani kunakili mabadiliko ya data kwenda seva mpya moja kwa moja, jua kwamba kwa kawaida sikwensi (zinazotoa namba za ID) hazifuati, usipoziweka sawa kwa setval insati ya kwanza tu itakupa duplicate key, yaani namba iliyokwishatumika. Hakikisha na ekstensheni zako (nyongeza za Postgres) kama PostGIS ya data za ramani zipo huko unakoenda, na ukimaliza kurestoo piga ANALYZE ili databesi ikusanye takwimu za tebo, la sivyo kwari zitakuwa nzito bila sababu.

Yote haya yafanye kwanza kwenye kopi, restoo bakapu, elekeza apu ya majaribio huko, pima inachukua muda gani ili ujue utazima huduma kwa masaa mangapi. Siku yenyewe ikifika ile ya zamani usiifute, iache isomeke tu bila kuandikwa mpaka ripoti za mwisho wa mwezi zitoke sawa.