Taa ya kandili jukwaani: iwake bila mafuta

Nimetoka kusaidia kikundi cha vijana hapa Kisumu wanaoigiza mchezo wa wavuvi wa omena. Walitaka kandili itakayoning'inia mashuani, ishikwe, izimwe, kisha iwashwe tena mbele ya watazamaji. Hatua hizi zitakufaa hata kwa koroboi au jiko la makaa.

1. Pitia mchezo na kalamu. Kila taa inapotajwa, andika nani anaigusa na inawaka mpaka lini. Taa ya kubebwa ni ya betri tu. Umeme wa volti 240 usiwe mkononi mwa mwigizaji, na moto halisi usikaribie mapazia. Kwa hilo sibadilishi msimamo.

2. Tafuta kandili kuukuu. Za soko la Kibuye zilizochakaa zinapendeza jukwaani kuliko mpya zinazometameta. Osha tangi kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe kabisa, ndipo fundi wa jua kali akate sehemu ya chini. Akate kwa mkasi wa bati, si kwa mashine inayotoa cheche.

3. Weka LED (vitaa vidogo vya umeme) na betri. Utepe wa volti 12 wenye LED 60 kwa mita hukatwa kila sentimita 5. Sentimita 10 zinatosha. Zungushia kijiti palipokuwa utambi. Nunua mwanga wa manjano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 au chini, kwa sababu ule mweupe unaua usiku wote wa jukwaani. Betri nane ndogo za kawaida (AA) za volti 1.5, zikiunganishwa kwa mfululizo, zinakupa volti 12 na zinaingia ndani ya tangi. Mimi nazipenda kuliko za lithiamu: kila duka linaziuza, hata jioni ya onyesho.

4. Punguza ukali. Saa nyingi hupotelea hapa, kwa hiyo usikimbilie.

Mezani kwa fundi mwanga huonekana hafifu, nawe unashawishika kuongeza. Usiongeze. Jukwaani jicho hujirekebisha kufuata kitu king'aacho zaidi, na taa kali humfanya mtazamaji asiuone uso wa anayeibeba. Pimia ukumbini, usiku, taa za jukwaa zikiwa kwenye kiwango cha onyesho hilo hilo. Kaa kiti cha mbele, halafu cha nyuma kabisa. Ukumbi wa Mama Grace Onyango hautakupa jibu sawa na darasa mlilofanyia mazoezi.

Kupunguza, unga rezista (kidude kinachozuia sehemu ya umeme, hupimwa kwa omu) kwenye waya mmoja: anza na omu 100, kisha 220, kisha 470, ukitazama kila mara. Dima (vifaa vya kupunguza mwanga) ndogo za volti 12 ni rahisi kutumia, lakini hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima haraka mno, na nyingi za bei nafuu huchora mistari kwenye video ya simu. Kama mchezo utarekodiwa, baki na rezista.

Halafu chukua karatasi ya kuokea, uipachike ndani ya kioo upande wa watazamaji pekee. Upande wa mwigizaji uache wazi, kidevu na mashavu yapate mwanga.

Hata hapo uso utabaki gizani, maana kandili kazi yake ni kuonekana. Inayouangaza uso ni taa ya juu ya jukwaa, rangi ya kaharabu, ikitoka upande ule ule ilipo kandili. Mwigizaji akitembea nayo, weka taa mbili za juu ambazo mwanga wake unapishana na mpangie njia. Akitoka nje ya njia hiyo, uongo wote unafichuka.

5. Kuwasha na kuzima. Swichi ikae chini ya tangi, penye kidole gumba. Fundi wa taa atazame mkono, asingoje maneno. Mwigizaji asiondoe mkono mpaka taa ya juu ibadilike. Fundi akichelewa kidogo hakuna atakayejali. Akitangulia, ukumbi mzima utaona.

6. Betri mpya kila onyesho. Zilizotumika zipelekwe mazoezini.