Kununua Subaru Outback iliyotumika kwenye nchi ya theluji: kagua haya kabla hujatoa pesa

Ukikaa Minneapolis, Columbus au Portland ya Maine, majira ya baridi ya kwanza hayaishi kabla mtu hajakwambia, "Tafuta Subaru." Ushauri wenyewe ni mzuri. Outback ya miaka ya 2000 hadi 2014 huvuta magurudumu yote manne muda wote, hupanda kilima chenye barafu bila vituko, buti lake humeza manunuzi ya mwezi pamoja na kigari cha mtoto, na vipuri havisumbui kupatikana. Shida ni kwamba nyingi huingia sokoni pale fundi anapomwonyesha mwenye gari makadirio ya bili. Gari la dola 4,500 linaweza kukudai dola 3,500 nyingine kabla hujamaliza nalo mwaka. Kwa gari la umri huu, nunua historia ya matengenezo kwanza. Rangi na maili baadaye.

Nenda mchana, siku kavu, na nguo usizozionea uchungu. Beba tochi, bisibisi, sumaku ndogo, kipande cha kadibodi cha kulalia, na kifaa cha kusoma makosa ya injini cha OBD2, ambacho kwa dola 20 au 30 kinatosha.

Anza na kutu

Kutu ndiyo ya kwanza kwa sababu gari likishindwa hapo huna haja ya kufungua boneti. Injini hutengenezeka, giaboksi hubadilishwa, lakini bodi iliyolika na chumvi ya barabarani haina tiba ya bei nafuu. Majimbo kama Minnesota, Ohio, Michigan, New York na Maine, pamoja na Ontario upande wa Kanada, humwaga chumvi kila theluji ikianguka. Ndiyo maana gari lililoishi Oregon au Washington linastahili bei ya juu kidogo, hata kama maili zake ni nyingi.

Lala chini utazame nyuma. Matao ya magurudumu ya nyuma ya Outback yamefunikwa plastiki nyeusi, na nyuma ya plastiki hiyo matope yenye chumvi hukaa miaka mingi. Bonyeza ukingo kwa kidole. Ukisikia mchakacho, chuma kimekwisha na kilichobaki ni rangi. Pitisha sumaku kwenye tao na kizingiti cha mlango. Isiposhika, hapo pana puti. Kisha angalia fremu ndogo ya nyuma inayobeba difu na mikono ya sasipenshini, igonge kwa mpini wa bisibisi. Kutu ya juujuu yenye rangi ya machungwa ni ya kawaida. Kutu inayobanduka vipande vipande au kuruhusu bisibisi kuzama ni sababu ya kuaga kwa heshima.

Fuatilia pia mabomba ya breki kutoka mbele hadi nyuma. Mwaka 2014 Subaru iliita zirudishwe kwa marekebisho Outback na Legacy (ndugu yake) za 2005 hadi 2009 zilizouzwa kwenye majimbo ya chumvi, kwa sababu ya mabomba hayo kulika. Uliza kama kazi hiyo ilifanyika. Na ukikuta chini ya gari la miaka 15 pamepakwa rangi nyeusi mbichi inayong'aa, jiulize nani hupaka rangi mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Injini iwe baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na joto, omba kurudi siku nyingine. Injini ya moto huficha mengi.

Injini ya lita 2.5 ya Subaru imelala: silinda mbili zinatazama kushoto na mbili kulia, hivyo ina hedi mbili (vifuniko vya silinda) na gasketi mbili za hedi, zinazoziba kati ya hedi na bloku. Oili na kulanti (maji ya kupoza injini) hujikusanya upande wa chini wa gasketi hata gari likiwa limeegeshwa, na hapo ndipo ugonjwa maarufu wa injini hii huanzia. Lakini ugonjwa wenyewe una sura mbili, na wengi huzichanganya.

Outback za 1996 hadi 1999 zenye injini ya kemshafti nne (shafti zinazofungua valvu) hukata gasketi kwa ndani. Gesi ya mwako huingia kwenye kulanti na gari huchemsha, mara nyingi baada ya dakika 20 au zaidi za barabara kuu, huku mtaani likiwa limetulia kabisa. Kuanzia 2000, injini ya kemshafti mbili huvujisha zaidi kwa nje: kwanza oili, halafu kulanti, polepole, kwenye mshono wa chini kati ya bloku na hedi. Mulika tochi hapo kwa kutokea chini, pande zote mbili. Unyevunyevu wenye vumbi ni dalili ya mwanzo. Matone, au alama nyeupe na za kijani za kulanti iliyokauka, maana yake kazi haiko mbali.

Usikimbilie kulaumu gasketi ya hedi kwa kila oili unayoiona, maana gasketi za kava za valvu nazo huvuja, na oili hudondokea egzosi, ndipo harufu ya kuungua husikika ukisimama kwenye taa. Hiyo ni kazi ndogo.

Rejeta ikiwa baridi kabisa, ifungue. Kulanti iwe safi, ya kijani au ya buluu, na iwe imejaa. Kwenye chupa ya akiba tafuta utando mweusi wa mafuta na unuse kama kuna harufu ya moshi wa gari. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, funga boneti uende zako. Washa injini na utazame chupa ile ile hadi gari lipate joto. Viputo vinavyopanda bila kukoma ni gesi ya mwako. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kipimo cha maji ya buluu ambayo hugeuka njano yakikutana na gesi hiyo.

Muuzaji akisema gasketi zilishabadilishwa, omba risiti na uisome. Je, ni pande zote mbili? Je, hedi zilipelekwa kusawazishwa? Je, iliwekwa gasketi ya chuma ya tabaka nyingi au aina ile ile ya mwanzo? Kazi kamili, pamoja na taiming belti (mkanda unaozungusha kemshafti) na pampu ya maji, hugharimu kama dola 2,000 hadi 3,500 kutegemea mji, kwa hiyo risiti ya dola 700 haisemi hadithi hiyo.

Kuhusu taiming belti, injini hii inataka ibadilishwe kila maili 105,000, karibu kilomita 169,000, au kila miezi 105, lolote litakalotangulia. Hapo kwenye miezi ndipo watu hujisahau. Gari la 2008 lenye maili 80,000 tu ambalo halijawahi kubadilishwa mkanda limepitwa na muda kwa miaka. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini ndiyo basi. Kazi nzuri hubadilisha pia pampu ya maji, kikaza mkanda na rola zote, hasa ile yenye meno, kwa sababu rola ikikwama huukata hata mkanda mpya.

Sikiliza injini ikiwaka. Mlio mwepesi wa kugonga unaopotea ndani ya dakika chache ni pistoni ambayo haijapata joto. Injini nyingi za 2.5 huishi nao. Mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaozidi injini ikipata joto na ukikanyaga mafuta ni beringi za koni rodi. Huo hauna majadiliano ya bei.

Barabarani, na mzunguko mmoja kwenye maegesho

Endesha si chini ya dakika 30, robo tatu yake barabara kuu. Mshale wa joto ukae chini kidogo ya katikati bila kutikisika. Ukisimama, hita iendelee kutoa joto. Ikianza kupuliza baridi gari likiwa halitembei na kurudisha joto ukiongeza kasi, kulanti imepungua au ina hewa ndani. Mvumo unaobadilika ukipinda kidogo kushoto au kulia ni beringi ya gurudumu. Baadaye, chungulia mipira ya draivushafti za mbele, hasa ule wa ndani upande wa abiria, ulio karibu na egzosi: joto huupasua na kurusha grisi.

Kisha nenda kwenye maegesho yasiyo na magari. Giaboksi ikiwa imepata joto, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole bila kukanyaga mafuta, kushoto kisha kulia. Gari lizunguke kwa ulaini. Likisita, likirukaruka au kujishika kana kwamba breki ya mkono imevutwa, klachi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma haiachii. Wakati mwingine chanzo ni mafuta machafu ya giaboksi au solenoidi (valvu ya umeme). Wakati mwingine klachi yenyewe imechimbika na kazi inakuwa kubwa.

Otomatiki nyingi za hadi takriban 2004 zina tundu la fyuzi lililoandikwa FWD (kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu) ndani ya boneti. Ukiweka fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma hayavuti tena na taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi. Imewekwa kwa ajili ya matumizi ya dharura, ila ni njia rahisi mno ya kuficha tatizo nililolitaja. Fungua kisanduku uhakikishe tundu ni tupu.

Matairi yote manne yawe ya aina moja, saizi moja, na yaliyolika sawa. Tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, ambayo ni kama milimita 1 ya kina cha kashata. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochakaa huifanya klachi ya kati au difu ya kati ifanye kazi kila sekunde, kana kwamba gari linapinda daima, na joto lake huua. Ukikuta matairi ya makampuni manne tofauti, usihesabu dola 600 za matairi mapya peke yake. Uliza pia gari limetembea hivyo kwa muda gani. Umri wa tairi usome kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Chomeka kifaa cha OBD2 hata kama taa ya injini haiwaki. Vipimo vingi ambavyo gari hujifanyia lenyewe vikionyesha havijakamilika, kuna mtu alifuta makosa au kuchomoa betri hivi karibuni. Kosa la P0420 ni la kawaida kwa gari hizi na huelekeza kwenye katalisti, kisafisha moshi cha egzosi. Kwa California, ambako katalisti lazima iwe iliyoidhinishwa na jimbo, peleka bei ya katalisti hiyo mezani.

Mwaka gani?

Kwa maoni yetu, Outback 2.5 ya 2005 hadi 2009 isiyo na tabo (turbo), yenye risiti za gasketi na mkanda, ndiyo yenye thamani nzuri. Za silinda sita, 3.0 na 3.6, hutumia cheni badala ya mkanda na hazina sifa mbaya ya gasketi, ila hunywa mafuta. Miaka ya 2010 hadi 2012 inachanganya injini ile ile ya mkanda na giaboksi za kwanza za CVT, otomatiki zisizo na gia za hatua. Dhamana iliyorefushwa ya CVT, miaka 10 au maili 100,000, imekwisha kwa gari hizo. Kuanzia 2013 injini ya 2.5 ina cheni, lakini baadhi ya za mwanzo hula oili, kwa hiyo pima kijiti na uulize hujaza kiasi gani kati ya sevisi. Za tabo waachie wenye fundi wao.

Na usiinunue kwa wazo la kuisafirisha nyumbani baadaye. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala lililozidi miaka 8.

Makaratasi

Namba ya VIN ya herufi na tarakimu 17 iwe moja kwenye dashibodi, mlangoni na kwenye hati. Iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya Marekani ya usalama barabarani, uone wito wa marekebisho ambao haujashughulikiwa, ni bure. Legacy na Outback nyingi za 2003 hadi 2014 ziliitwa kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata upande wa abiria, na hiyo hubadilishwa bila malipo. Jina kwenye hati liwe la huyo anayekuuzia, na hati isiwe na maneno Salvage (liliharibika vibaya), Rebuilt (lilijengwa upya) wala Flood (liliingia mafuriko) kama hujapunguziwa bei ipasavyo. Gari la 2010 kurudi nyuma halilazimiki kutangaza maili linapobadilisha mmiliki, hivyo odomita yake iamini kwa risiti tu.

Kwenye yadi za majimbo mengi, sheria ya shirikisho inataka karatasi ya Buyers Guide dirishani, inayosema gari lina dhamana au halina. Ikiwekwa alama ya As Is (kama lilivyo), maneno matamu ya muuzaji hayana dhamana. Na tangazo likitoka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, kagua vile vile. Mwenzetu anaweza asijue kinachovuja chini ya gari lake. Dola 100 hadi 200 za kumlipa fundi wa Subaru alinyanyue gari kwa lifti, kwa gharama yako na kwa hiari ya muuzaji, ni sehemu ya bei. Muuzaji anayekataa lifti amekujibu.

Kabla hujaondoka nalo, chomoa na vijiti vingine, mbali na kile cha oili ya injini. Otomatiki za zamani zina kijiti cha mafuta ya giaboksi upande wa dereva na kingine kifupi, upande wa abiria, cha difu ya mbele, yenye mafuta yake peke yake. Vituo vya kubadilisha oili haraka huzichanganya: humwaga mafuta ya giaboksi au ya difu wakidhani ni oili ya injini, kisha huijaza injini mara mbili. Difu ikiwa tupu, hulia kwa siku chache tu kabla ya kujikaba. Siku utakayopeleka gari sevisi, waonyeshe kwa kidole boliti ya kumwagia oili ya injini ni ipi, halafu pima vijiti vyote vitatu kabla hujawasha gari.