Unautaka udaktari na likizo ndefu umepata kazi ya kawaida tu? Fanya hivi

Kila likizo ndefu ikikaribia wanafunzi wanaoutaka udaktari wanaanza kuchanganyikiwa, fulani kapata nafasi maabara, fulani anazunguka wodini na daktari, halafu wewe umepata ukeshia unaona gari ndo limeshakuacha. Halijakuacha. Mi nimekaa kaunta, nimefanya usafi, nimehudumia wazee, na hizo kazi zinasaidia ila ujue kuchagua na ujue kuzifanya.

Kwenye kuchagua usiangalie jina la kazi, angalia kutwa nzima utakuwa unaongea na nani. Kupanga maboksi stoo peke yako na hedfoni masikioni kutakupa hela, sawa, lakini kukaa kaunta, kuhudumia meza, kupokea simu za wateja waliokasirika, kusimamia watoto kambini, huko unakutana na watu wamechoka, wana haraka na hawataki kukusikiliza, na wagonjwa wengi ndo wanakuja hivyohivyo. Kama unaogelea vizuri, ulinzi wa bwawa nao mzuri maana unafundishwa mpaka kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama.

Ila ukiniuliza mimi, ikipatikana ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, chukua hiyo. Uanze kuulizia mapema lakini, kwa mfano Marekani sheria ya taifa inataka msaidizi wa nesi kwenye hizo nyumba apate angalau saa 75 za mafunzo, na ukisubiri likizo ianze ndo uanze mafunzo, nusu yake imeshaisha. Kazi yenyewe watu wanaidharau, kutandika, kuogesha, kulisha. Kulisha tu ni shule! Siku zangu za kwanza nilisimama pembeni ya bibi mmoja nampa kijiko juu ya kijiko, nawaza mwingine ananisubiri, akapaliwa mpaka machozi yakamtoka. Nesi hakunigombeza, alivuta kiti akaniambia kaa. Mwinue akae wima, wewe uwe usawa wa macho yake, chota kidogo, angalia koo lipande lishuke ndo ulete kingine. Ule mlo ulichukua karibu saa nzima, na tangu siku hiyo sijamlisha mtu nikiwa nimesimama.

Kitu kimoja, ukishajulikana unautaka udaktari kuna mtu atakwambia "we si daktari mtarajiwa, hebu mpe huyu dawa zake". Kama hujafundishwa na sio kazi yako, kataa, kwa adabu lakini kataa.

Sasa wengi wanapoharibu ni kwenye kumbukumbu. Kila ukitoka shifti andika mistari mitatu minne, nini kilitokea, ulifanya nini, ungerudia ungefanyaje. Majina ya wateja au wagonjwa usiandike kabisa. Utanishukuru kwenye intavyuu ya kuombea chuo cha udaktari, hasa hii ya vituo vituo ambayo ilianzia chuo cha McMaster kule Kanada na siku hizi iko sehemu nyingi, unaingia chumba hiki dakika chache, unatoka unaingia kingine, na swali kama "tuambie siku ulipotofautiana na mfanyakazi mwenzio" likikukuta hujaandika popote unabaki unameza mate.

Fomu nayo ni hivyohivyo. Kwa wanaoomba Marekani kupitia AMCAS, yaani mfumo wa kutuma maombi ya vyuo vya udaktari, unaruhusiwa shughuli 15, na kila moja ina herufi 700 tu na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa humo, halafu unachagua 3 zilizokugusa zaidi unaongezewa herufi 1,325 kwa kila moja. Kazi ya kulipwa inaingia humo bila shida. Sasa usizimalize herufi zako na "nilijifunza mawasiliano na uvumilivu", kila mtu kaandika hiyo. Andika kwamba mzee alikuwa anahesabu sarafu mikono inatetemeka, foleni nyuma inaguna, ukazitandaza kaunta mkahesabu wote kwa sauti. Na kama ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na shida ya hela, sema, sio aibu, kuna watu wanalipa ada wenyewe na hilo nalo linaeleza muda wako ulienda wapi.

Usijaze shifti wiki zote kama una mtihani wa kujiandalia, mi nilijaza, nikawa nasinzia juu ya kitabu cha kemia.

Halafu kabla ya siku ya mwisho mfuate msimamizi wako, mwambie unaomba udaktari, chukua namba na barua pepe yake, jumlisha saa zako naye akiwepo. Wasimamizi wanahama, na wewe fomu unaweza kuijaza miaka miwili baadaye.