Kuitazama The Big Sleep bila kupotea njiani

Kwanza angalia una toleo gani. Filamu hii ya upelelezi ya Howard Hawks ina matoleo mawili: la 1945, walilooneshwa wanajeshi wa Marekani, na la 1946 lililoingia sinema, dakika 114. Anza na la 1946, maana ndilo lililowachanganya wahakiki. Bosley Crowther wa New York Times alilalamika wakati huohuo kwamba hadithi haieleweki.

Chukua karatasi, ikunje katikati. Raymond Chandler aliijenga riwaya ya 1939, iliyozaa filamu hii, kwa kuunga hadithi fupi zake mbili, na kiungo hicho bado kinaonekana kwenye filamu.

Upande wa kwanza, usifuate watu. Fuata picha ya Carmen, binti mdogo wa tajiri aliyemwajiri mpelelezi Marlowe. Andika iko kwa nani na aliipataje. Geiger, mwenye duka la vitabu, anapigwa risasi, picha inatoweka, halafu inaibukia kwa Brody, mlaghai anayeitumia kudai fedha. Mtu akigonga mlango wa Brody na kummiminia risasi, simamisha filamu, geuza karatasi. Kesi ya kwanza imekwisha. Upande wa pili una swali moja tu: Shawn Regan, rafiki wa familia aliyetoweka, yuko wapi, na Eddie Mars, mwenye jumba la kamari, amemshika Vivian, dada mkubwa wa Carmen, kwa lipi?

Wengi hukwama kwa Owen Taylor, dereva wa familia hiyo aliyekutwa amekufa ndani ya gari baharini. Msitari wake uache wazi. Waandaaji walimuuliza Chandler nani alimuua, naye hakujua.

Dukani kwa Geiger, tega sikio. Marlowe anaulizia Ben-Hur chapa ya 1860. Kitabu hicho kilitoka 1880, kwa hiyo muuza vitabu wa kweli angeshtuka. Agnes, muuzaji wa Geiger, anajibu tu kwamba hawana. Mwanamke wa duka la jirani anapekua orodha na kusema chapa hiyo haipo. Kwa hiyo duka la Geiger si la vitabu kweli, ila filamu haikutamkii linafanya nini: kanuni za maadili za Hollywood zilikataza. Riwayani wanakodisha vitabu vya ngono. Bila kulijua hilo, hofu ya wateja wake haina maana.

Toleo la 1945 liweke siku nyingine. Lina kikao ofisini kwa mwendesha mashtaka, Marlowe akiifumua kesi nzima. Kilikatwa, yakaongezwa maneno ya Bogart (Marlowe) na Bacall (Vivian) kuhusu farasi wa mashindano, ambayo hayahusu farasi hata kidogo. Linganisha na karatasi yako.